Arobaini iliyopita kama mbao

Kila usiku nikishaepua karai, humwaga mkebe wa sarafu juu ya gazeti nikaanza kutenga: dala, yaani shilingi tano, huku, kumi kule, mbao, yaani ishirini, pembeni. Mikono bado inanuka ukwaju. Watoto wa mtaani kwetu hapa Majengo, Mombasa, hununua viazi vya kumi kumi, kwa hiyo chuma hakinikosi, na mwenye duka jirani akiishiwa chenji huja kwangu mbio.

Nilianza kutazama vichwa kabla ya kutazama thamani. Mzee Kenyatta yupo tangu sarafu za 1966. Moi akaingia 1980. Mwaka 2005 Mzee akarudi tena, kana kwamba alikuwa amekwenda msalani tu. Kisha Katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, na Desemba 2018 wakaja wanyama: shilingi moja twiga, dala kifaru, kumi simba, mbao ndovu. Na Kibaki je? Yeye mfukoni yumo kwenye sarafu moja tu, ile ya shilingi arobaini ya 2003, Kenya ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru. Miaka mitatu nilimtafuta mkebeni, wapi!

Siku hiyo nilikuwa natoka soko la Kongowea na gunia la viazi. Nikampa makanga mia, nauli na mzigo themanini, akanirudishia mbao. Nikaifumbata mkononi. Kidole kikaniambia hii si ile niliyoizoea. Kufungua: Kibaki! Arobaini haipishani sana na ishirini kwa ukubwa, nayo pia ni ya rangi mbili, na makanga aliyening'inia mlangoni ana saa ngapi ya kusoma? Kusema kweli, nilinyamaza. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Kuipiga picha kulinitesa kuliko kuipata. Simu ukiisogeza karibu inaona ukungu, ukiwasha taa ya simu Kibaki anageuka kioo na mimi naonekana ndani yake na kilemba changu. Nilichogundua ni hiki: subiri alasiri, mwanga wa dirishani uje kwa ubavu. Tandika kipande cha buibui kuukuu, pindua kikombe cha kahawa juu yake, sarafu iketi kwenye kitako cha kikombe. Simu ikae mbali kidogo, ndipo uvute picha. Bado inang'aa? Ingiza punje moja ya mchele chini ya ukingo. Sarafu inainama kidogo tu, mng'ao unahamia kando, na ghafla unaona hata mkwaruzo kwenye shavu ambao jicho halikuuona.

Ila usiisugue. Nasema hivi kwa uchungu. Nilikuwa na shilingi ya 1966, iliyopita kwa mteja kama shilingi ya kawaida. Hizo za mwanzo zina kichwa cha Mzee kikavu, bila maandishi ya kukizunguka; maandishi yaliongezwa 1969. Nami kwa kiherehere changu nikaitia ndimu na majivu kama ninavyosugua sufuria. Ikatoka nyeupe kama kijiko cha harusi, imejaa michirizi myembamba, na ile rangi ya kijivu iliyoikalia miaka yote hiyo imekwenda na maji ya kuoshea vyombo. Picha yake ninayo, lakini siionyeshi mtu.

Juzi yule makanga akatokea mezani kwangu na wenzake wawili, hakunitambua. Akaagiza viazi vya mbao. Nilipomfungia akaanza kupapasa mfuko, nikamwambia aache, leo zawadi. Akanitazama kidogo, kisha akaomba niongeze pilipili.