Maduka ya Buni ya Tokyo: Kutoka Minami-Senju hadi Jimbocho

Laini ya treni ya Hibiya hutoka chini ya ardhi kabla ya kufika kituo cha Minami-Senju, na abiria anayeteremka hapo hukutana na Tokyo ambayo watalii wengi hawaifikii. Mtaa ulio karibu, ambao watu bado wanauita Sanya ijapokuwa jina hilo liliondolewa rasmi kwenye anwani mwaka 1966, ulikuwa kwa miongo mingi makazi ya vibarua wa kutwa walioujenga upya mji baada ya vita, na nyumba za kulala wageni za bei ndogo zingali zikionekana barabarani. Huko ndiko liliko duka la Café Bach, na ndiko nilikoanzia ziara yangu, kwa ushauri wa kijana mmoja wa Kibosho, kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro, anayesoma Tokyo, ambaye alikubali kunitembeza kwa sharti kwamba nisimwombe anipeleke kwenye mahekalu.

Mimi ni mzaliwa wa Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, mbali na mlima huo, na kahawa nimeijua tangu utoto kwa upande wa shambani: kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika kwenye vichanja na kupeleka magunia ya kahawa ya maganda katika chama cha msingi. Kukaanga tulikuwa tukikaanga mara chache, kwenye sufuria, zile punje zisizofaa kuuzwa. Nilipopata nafasi ya kubaki Tokyo baada ya shughuli za kikazi, niliamua kutazama wanaofanya kazi inayoanza pale yetu inapoishia.

Café Bach ilifunguliwa mwaka 1968 na Mamoru Taguchi, mtu ambaye mafundisho yake ya ukaangaji yamelea wenye maduka wengi nchini Japani. Kahawa zake hupangwa katika ngazi nne za ukaangaji, kuanzia nyepesi hadi nzito, na mteja anayeingia kununua buni huulizwa kwanza anapenda ngazi ipi kabla ya kuulizwa anataka kahawa ya nchi gani. Duka hili la mtaa wa vibarua ndilo lililoandaa kahawa iliyonywewa na viongozi wa mataifa katika mkutano wa G8 uliofanyika Okinawa mwaka 2000, ingawa hakuna mtu pale aliyenitajia jambo hilo. Nilikuwa nimelijua kabla.

Lililonishika zaidi ni kuchambua. Kwa utaratibu wa duka hilo, buni huchambuliwa kwa mkono mara mbili, zikiwa mbichi na tena zikishakaangwa, na zinazoondolewa ni zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zilizochacha na zile ambazo hazikuiva sawasawa. Ikumbukwe kwamba kahawa hiyo imekwisha kuchambuliwa kwenye vichanja na wakulima, ikapita kiwanda cha kukoboa, ikapimwa kwa ukubwa na uzito na kupewa daraja, ndipo ikasafirishwa. Bado hukutwa za kutupa. Mkulima angeweza kuona hilo kama dharau, lakini nilipokunywa kikombe chao cha ngazi ya kati nilielewa faida yake: ladha ilikuwa safi tangu funda la kwanza hadi la mwisho, hata kahawa ilipopoa, na kahawa ikipoa ndipo punje mbovu inapojitangaza.

Vituo vichache kutoka hapo, katika mtaa wa makazi, tuliingia kwenye kiduka cha aina ambayo Tokyo inayo kwa wingi, chenye upana wa mlango na dirisha, ambapo buni mbichi zimewekwa kwenye vyombo vya wazi na mashine ya kukaangia yenye pipa linalozunguka imesimama nyuma ya kaunta. Unachagua buni, unataja ukaangaji unaoutaka katika ngazi nane zinazotumiwa sana nchini humo, unapimiwa, kisha unasubiri. Kiasi cha gramu 100 hakimshangazi mtu, kwa sababu wateja wengi hununua kidogo kidogo ili kahawa isizeeke nyumbani. Buni hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake motoni, kwa hiyo ni vyema kuuliza kama bei inahesabiwa kabla au baada ya kukaangwa. Pipa lilipofika karibu nyuzi 200 za Selsiasi tulisikia punje zikianza kulia kama bisi, na muuzaji, ambaye alikuwa akizungumza nasi kwa bashasha, alinyamaza ghafla na kuinamia mashine, kwa kuwa kuanzia mlio huo sekunde chache zinatosha kubadilisha ngazi moja kuwa nyingine.

Kwenye chombo kimojawapo palikuwa na kibao kilichoandikwa Kilimanjaro. Kijana wangu alijaa fahari, akaomba asomewe maelezo madogo yaliyokuwa chini yake, na ikabainika kwamba buni zile zilitoka Mbozi. Akacheka hadi akashika kaunta. "Mzee wangu, huku hata kahawa yenu ni yetu," akaniambia. Nilimjibu kwamba mlima ni wao lakini jasho ni letu, na mwenye duka, aliyekuwa akitutazama bila kuelewa, akacheka nasi kwa adabu.

Hakukuwa na udanganyifu wowote pale. Kanuni za lebo zinazofuatwa na wafanyabiashara wa kahawa wa Japani zinaruhusu jina hilo litumike kwa kahawa ya aina ya arabika ya Tanzania nzima isipokuwa ya Bukoba, na mchanganyiko unaouzwa kwa jina hilo sharti uwe na angalau asilimia 30 ya kahawa yenyewe. Kwa hiyo Mbinga, Mbozi, Tarime na Arusha zote hupandishwa mlimani zikishavuka bahari. Japani imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa yetu kwa miaka mingi, na jina hilo limesaidia sana. Lakini mnunuzi aliyeizoea Kilimanjaro kama ladha moja, chachu na iliyochangamka, hana sababu ya kutafuta tofauti kati ya mkoa na mkoa. Nilitaka kujua kama wapo wanaoitafuta.

Kabla ya hapo ilitupasa kupita Ginza, ambako laini ileile ya Hibiya hufika bila kubadilisha treni. Café de l'Ambre imo katika uchochoro wa mtaa wa nane wa Ginza, na kibao chake kinatangaza kwamba humo ni kahawa tu. Mwanzilishi wake, Ichiro Sekiguchi, alilianzisha duka mwaka 1948 na alifariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 103. Jambo linaloitofautisha l'Ambre na maduka mengine ni buni zilizozeeshwa: buni mbichi huhifadhiwa kwa miaka, nyingine zaidi ya kumi, ndipo zikaangwe. Mhudumu humimina maji kwa uzi mwembamba juu ya chujio la kitambaa cha flaneli, akilizungusha polepole kwa mkono wa pili, na kahawa hutoka kidogo, nzito na ya uvuguvugu.

Kwetu kahawa iliyolala ghalani kutoka msimu uliopita hushuka bei, na mnunuzi huitambua kwa rangi kabla hata ya kuionja. Hapa hulipiwa zaidi. Nilikunywa kikombe cha buni za zamani kwa makini yote niliyokuwa nayo na sikushawishika: uchachu wote ulikuwa umekwisha, ukabaki utamu wa mbali na harufu ya mbao kavu. Kijana wangu aliagiza kahawa baridi yenye sukari inayoletwa katika glasi ya shampeni ikiwa na maziwa yanayoelea juu, na nakiri kwamba chaguo lake lilikuwa bora kuliko langu. Hata hivyo, singemshauri mtu aliruke duka hilo, kwa sababu uamuzi wa kuzeesha buni ulifanywa na mtu aliyejua alichokitafuta, na ni maduka machache sana duniani yanayotoa nafasi ya kuuonja.

Maduka mapya niliyoyatembelea ni rahisi kuyapanga, kwani laini ya Hanzomon inayapitia yote. Omotesando kuna Koffee Mameya, iliyofunguliwa mwaka 2017, isiyo na kiti hata kimoja. Wahudumu wake, waliovaa makoti kama ya maabara, husimama nyuma ya kaunta yenye orodha ya kahawa za wakaangaji mbalimbali, kuanzia nyepesi hadi nzito, nao humhoji mteja namna anavyochuja kahawa nyumbani, kisha humwandikia vipimo. Foleni ni ndefu na mazungumzo hayaharakishwi. Kiyosumi-Shirakawa, mashariki ya mto Sumida, ni mtaa wa maghala ya zamani yenye dari ndefu, yanayofaa kwa mashine kubwa na mabomba ya moshi. Blue Bottle ya Marekani ilifungua duka lake la kwanza la Japani hapo mwezi Februari 2015, ikiwa imeleta kwa Wajapani kitu ambacho mwanzilishi wake, James Freeman, alikipenda kwanza katika migahawa yao ya kahawa. Tulipita, tukanywa, tukaendelea.

Jibu la swali langu lilikuwa Jimbocho, mtaa wa maduka ya vitabu vilivyokwisha kutumika, ambako Glitch Coffee ilianza mwaka 2015. Wao hukaanga nyepesi na hawachanganyi kahawa za mashamba tofauti. Hapo, kama ilivyo kwa wakaangaji wengi wa kizazi hicho, kadi inayoandamana na kahawa hutaja nchi, eneo, mzalishaji, aina ya mbuni na namna ya kusindika. Kwa mfumo huo kahawa ya Mbozi haina mahali pa kujificha, wala pa kuazima jina. Ikichachishwa vibaya kwenye tangi la kijijini, mnywaji ataionja na atajua imetoka wapi. Uchachu wa kahawa hizi huwatisha waliozoea kahawa chungu ya kibarazani, na mimi mwenyewe nilihitaji vikombe viwili kabla ya kuacha kutamani kashata.

Anayenunua buni za kukaangwa nyepesi aulize tarehe ya kukaangwa na aziache zipumzike wiki moja au mbili kabla ya kuzifungua, maana gesi iliyomo huvuruga ladha mwanzoni. Mwenye siku moja tu aanze Minami-Senju asubuhi, ashuke Ginza mchana, na amalizie Jimbocho jioni, akihakikisha kwanza kwamba siyo siku ya mapumziko ya duka analolikusudia, kwa kuwa yale ya zamani hufunga hata katikati ya juma.