Yule naye alianza na pweza

Tangu Jumapili nina maneno matano kichwani, na leo ni Alhamisi. Nayasikia nikisahihisha madaftari, nayasikia nikikuna nazi. Jana usiku niliyatamka usingizini, baba watoto akanishika paji la uso akidhani nina homa. Nayaandika hapa, huenda yakatulia.

Wiki yenyewe haikuwa tupu: dada kajifungua salama mtoto wa kike, na barua yangu ya uhamisho imefika. Hayo nitayaeleza siku nyengine.

Kijana wetu wa Kijerumani anaondoka mwezi ujao. Ndiye yule aliyewahi kupanda mpera wa jirani kumshusha paka. Amekuja kwa ule mpango wao wa weltwärts, ambao tangu 2008 unawatoa vijana kwenda kujitolea nchi za watu, na miezi kumi hii amekula kwetu, amelala kwetu, amefundisha skuli pamoja nami. Kiswahili chake sasa kimesimama. Lakini shamba kwa mama yangu, Makunduchi, kusini ya Unguja, alikuwa hajafika. Baba alifariki Januari, mama akakaa eda miezi minne na siku kumi, na mwanamme asiye maharimu wake hakuwa na njia ya kuingia pale. Eda ikesha Mei. Mama alitoka, ila sauti yake haikutoka naye. Ukimuuliza anajibu, usipomuuliza anasuka ukili wake mpaka magharibi.

Ukaja Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya wa jadi. Mtu wa Makunduchi haelezwi: siku ile mgeni ni lazima, na nyumba iliyokosa mgeni hujiona imekosa kheri ya mwaka mzima. Mwaka huu nani angekwenda kukaa na mjane aliyenyamaza? Nikamwambia kijana afunge begi dogo, na Jumamosi asubuhi tukapanda gari la 310. Kutoka mjini mpaka Kitogani alipakata kapu la mikate ya kumimina ya bibi mmoja asiyemjua, na bibi yule alipoteremka akamwachia mmoja. Hakuufungua. Alisema utakuwa wa Bibi.

Mama alikuwa barazani, miguu kainyoosha, ukili mapajani. Kijana akavua viatu, akainama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Mama akamtazama juu mpaka chini. "Ndiye mume wangu huyu niliyeletewa?"

Moyo wangu uliruka. Tangu Januari mama alikuwa hajamtania mtu. Lakini kijana hakuujua utani wa bibi na mjukuu. Kwao bibi hamwiti mjukuu mume. Akasimama wima, akajibu kwa Kiswahili chake safi:

"Hapana, Bibi. Mimi ni mtu wa kujitolea."

"Kujitolea!" Mama akauweka ukili chini. "Basi posa ya nini tena, umeshajitoa mwenyewe. Mahari yangu iko wapi?"

Jirani aliyekuwa akipepeta mchele alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Kijana aligeuka mwekundu, masikio na shingo, akanitazama mimi kama mtoto aliyevunja kikombe cha watu. Baadaye uani aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nimemkosea Bibi?" Nikamweleza kwamba hajakosa, amepewa cheo. Cheo kile kilikuwa cha mwanangu, kabla hajakwenda Muscat. Akatoa daftari lake, akaniomba nimtajie vizuri neno mahari, na nani humpa nani.

Jioni tulikwenda uwanja wa Kae Kuu. Vijana wa Kusini na wa Kaskazini wakatandikana kwa migomba, kinyongo cha mwaka kikaishia pale, kibanda cha makuti kikachomwa moto, wanawake wakaimba wakizunguka na nguo zao mpya. Kijana naye aliingia uwanjani, akala mgomba wa bega, akarudi anacheka na shati lenye utomvu usiotoka hata uloweke wiki. Mama hakwenda. Tulimkuta palepale barazani, ila ule mkate wa kumimina ulikuwa umemegwa nusu.

Jumapili ilikuwa bamvua, bahari ikakupwa saa nne hivi, na kijana akafuatana na mtoto wa jirani kwenda miambani. Saa sita nikawaona wanarudi. Kijana ameshika uchukuti, na kwenye uchukuti katungwa pweza, mdogo, wa rangi ya udongo uliorowa. Mkono mmoja wa pweza ulikuwa bado umemnata kwenye kifundo. Alipoubandua uliachia kidogo kidogo, na kila kikombe kiliacha duara jekundu kwenye ngozi yake nyeupe, moja nyuma ya jengine, kama ushanga uliolowa.

Akachutama mbele ya mama.

"Mke wangu, mahari yako hii."

Mama hakucheka. Alimbonyeza pweza kichwani kwa kidole kimoja, kama anavyofanya sokoni.

"Umemnunua?"

"Nimempa rafiki yangu miwani yangu ya kuzamia."

"Mipya?"

"Mipya."

Mama akaushika ukili wake, akavuta mwaa mmoja ukakaza, na bila ya kumtazama yeyote akasema:

"Yule naye alianza na pweza."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli. Nikauliza, "Nani, mama?"

Akanitazama. "Lete ndimu," akasema.

Hayo ndiyo yote. Nikaleta ndimu. Mama akamwonesha kijana namna ya kumponda pweza juu ya jiwe, wapi apige kwa nguvu na wapi apunguze, akampokonya mchi mara mbili kumrekebisha. Tulimpika kwa tui zito, tukala sinia moja. Siku ile mama alisema maneno mengi kuliko miezi sita yote, na yote yalikuwa ya pweza: pango lake analijuaje, kwa nini hachomwi mkuki wa pupa, kwa nini wa asubuhi ana ladha. Mara tatu nilimsikia akisema "mume wangu". Nilifurahi. Nataka lieleweke hilo, nilifurahi kwa moyo wangu wote, nikaenda nyuma ya jiko nikalia kidogo kwa furaha, nikajifuta kwa ncha ya kanga, nikarudi.

Ni kwenye gari la kurudi ndipo lilipoanza kuniuma.

Sisi watoto wanne tumekua tukijua kwamba mama na baba waliozeshwa. Wazee walikaa, wakapatana, mama akaambiwa Ijumaa hii, Ijumaa ya pili akaolewa. Ndivyo alivyotusimulia kila tulipouliza, na alisimulia kwa namna ya mtu anayefunga mlango. Sasa kuna pweza. Alianza nini baba na pweza yule? Alimpa nani, wazee au mama mwenyewe? Mama alipokuwa msichana alikuwa akienda pwani na wenzake kufukua makumbi ya usumba, na baba alikuwa mvuvi wa miamba hiyohiyo. Walionana? Alimtungia kwenye uchukuti vilevile? Na hiyo "alianza", maana yake palikuwa na cha pili na cha tatu. Miaka 47 nimekuwa mtoto wa watu wale na sikuijua siku yao hata moja kabla ya harusi. Kaambiwa kijana wa miaka 19 aliyefika jana yake na mkate wa kupewa.

Kisha likaja lile jengine, na hili ndilo linaloniamsha usiku. Kwa nini nilisema "Nani, mama?" Nilijua nani. Mama hajamtaja baba kwa jina maisha yake yote; duniani hakuna mwengine anayemwita "yule". Neno lile lilikuwa limeanza tu kutoka, nami nikalisimamisha mlangoni kwa swali. Kijana hakuuliza kitu. Alibaki amechutama, maji ya bahari yanamdondoka magotini, anangoja. Ningengoja pamoja naye, ningenyamaza nikae chini na bakuli langu, mama angeendelea. Naamini angeendelea. Nimeuona mdomo wake.

Nimejaribu kukumbuka maswali niliyomuuliza mama tangu Januari. Umekunywa dawa ya presha? Umekula? Karatasi za shamba ziko wapi? Fundi wa makuti kaja? Kila nikienda naingia na maswali mkononi kama mkaguzi, nikishajibiwa natazama saa ya gari. Nilidhani ndiyo kumtunza.

Jana jioni nilimpigia simu. Nilikuwa nimejipanga kabisa, nimetoka nje ili watoto wasinisikie. Nilitaka nimwambie, mama, nihadithie habari za yule pweza. Akapokea, na kabla ya salamu kwisha akauliza:

"Mume wangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Anaosha vyombo."

"Miwani kanunua mengine?"

"Bado."

Akanyamaza, nami nikanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mzuri, nilikuwa nasikia kuku wake na mtu anayepita akimwambia masalkheri. Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa, mwanangu."

Kijana atakwenda tena kumuaga Bibi kabla ya safari yake. Anasema atakwenda peke yake, njia anaijua, na ameshamtafuta mtoto wa jirani kwa simu kumuuliza habari za bamvua. Nilitaka kumtuma anichokolee habari ile. Nilikwishaanza, "ukifika kwa Bibi, muulize…", nikaacha. Nikamwambia achukue sukari kilo mbili na akae mpaka alasiri.

Maji hayajatoka tangu Jumatatu. Tangi limebaki robo, na Jumapili dada anakuja na mtoto wake kukaa arobaini hapa nyumbani, mtoto wa siku tano ana nguo za kufuliwa kutwa mara tatu. Nimempigia mwenye gari la maji, anasema foleni yake ni mpaka Jumanne. Jirani ana kisima lakini pampu yake imeungua. Kesho nikitoka skuli nitapita kwa fundi nimuulize anaweza kuja lini.