Uzi wa Kwanza Ulikatika Alfajiri: Alhamisi Yangu Moja, Ngamiani

Saa 11 alfajiri

Nikishaswali sirudi kitandani. Naishusha mandolini ukutani, nakaa kwenye kigoda uani, naanza shughuli ambayo mke wangu anaiita "kuvuta masikio ya mbuzi", maana eti vigingi vya kukazia nyuzi vimekaa kama masikio. Saa hiyo sipigi wimbo, natyuni tu. Watoto wamelala, kwa hiyo risha inabaki mfukoni (wenzetu wa gitaa wanaiita piki), natumia nyama ya kidole gumba.

Kwa asiyeijua: mandolini ina nyuzi 8, ila zimekaa mbili mbili, zikawa jozi 4. Kuanzia nene hadi nyembamba, noti zake ni G, D, A, E, sawasawa na fidla. Kila jozi isikike kama uzi mmoja. Mmoja ukishuka kidogo tu, sauti inayumba, kama watu wawili wanaosoma dua moja kila mtu kwa mwendo wake. Gitaa linaweza kukusitiri. Mandolini inakutangaza.

Na Tanga hapa upepo una chumvi. Usipozifuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, wiki mbili tatu tu zinakwaruza vidole kwa kutu. Wiki iliyopita nilichoka, sikuzifuta. Basi leo nikaukaza ule mwembamba, E, robo mzunguko tu. Paah!

"Umekatika?" sauti ikatoka chumbani.

"Umekatika."

"Na leo Alhamisi."

Alhamisi usiku ndiyo siku yetu ya baraza, tunapokutana kupiga muziki. Nikanyamaza.

Saa 1 asubuhi

Chai, mandazi, mbaazi za nazi. Baiskeli. Hakuna cha kusimulia hapo, mji mzima uko juu ya baiskeli saa hiyo.

Saa 2 hadi saa 6

Kazi inayonilisha ni useremala. Leo nina mlango wa mninga wa kumalizia, mwenyewe anautaka Jumamosi. Mninga ni mti mwema, unakubali randa na haukasiriki masika. Lakini jicho langu linakwenda kwenye kona ya karakana, kwenye ndoo ya vipande vya mpingo. Mpingo huu huu wetu, ndio Wazungu wanauchongea klarineti na obo. Mimi nimeuchongea daraja la mandolini, kile kijiti ambacho nyuzi zinapita juu yake. Lililokuja na ala yenyewe lilikuwa la mti laini, nyuzi zikalichimba hadi zikazama.

Daraja la mandolini halina gundi. Limesimama kwa mkandamizo wa nyuzi peke yake, na nyuzi 8 zikiwa zimekazwa zinavuta uzito wa kilo 70 hadi 80 kwa pamoja. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Nikatoa nyuzi zote kwa mpigo ili nisafishe, daraja likaanguka, nikalirudisha kwa kukadiria kwa macho, mimi seremala mzima mwenye futi mfukoni! Jioni, chini shingoni kila kitu sawa. Nikipanda juu, kila noti chafu. Mzee wetu anayepiga udi, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu, akaacha kupiga, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo umekula nini?" Kipimo chenyewe ni rahisi hata kwa mwanagenzi: toka juu zinakoanzia nyuzi hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), halafu urefu ule ule tena hadi darajani. Ukibadilisha nyuzi, badilisha jozi moja moja, daraja lisipate nafasi ya kutembea.

Kufika saa 6 mlango ulikuwa umebaki msasa.

Saa 6 mchana

Kutafuta uzi. Nyuzi za mandolini dukani hapa mjini sijawahi kuzikuta. Mtu wangu wa Dar huwa ananiwekea kwenye basi, lakini nikimpigia leo zitafika kesho, na baraza ni leo. Nyuzi za gitaa zipo. Uzi wa kwanza wa gitaa, ule wa unene wa inchi 0.010 ambao wenyewe wanauita namba 10, unafaa kabisa kuwa E ya mandolini.

Kuna shida mbili. Ya kwanza ni ndogo: uzi wa gitaa una kijishanga cha shaba mwishoni, na mandolini inataka kitanzi cha kutundika kwenye ndoano. Unakibana kijishanga kwa koleo hadi kinapasuka, kinatoka, kitanzi kinabaki. Usiguse pale uzi ulipojisokota, utafumuka.

Shida ya pili ndiyo iliyoniharibia siku. Jozi ya E inataka nyuzi mbili, na seti ya gitaa ina namba 10 moja. Nikamsihi muuzaji anipe ya pili kutoka pakiti nyingine. "Seti haivunjwi, kaka." Kununua seti ya pili, nyuzi 12 kwa sababu ya 2, mfuko ulikataa. Nikanunua moja. Yaani leo usiku uzi mpya utalala ubavuni mwa uzi wa zamani, na hao hawapatani: wa zamani umeshanyooka na kutulia, mpya utakuwa unalegea kila dakika.

Mjomba wangu, aliyekuwa akipiga gitaa ujanani, angenicheka. Wao walichambua waya wa breki za baiskeli wakapata nyuzi humo. Vidole vyake vilikuwa na sugu kama kisigino.

Saa 8 mchana

Wali, maharage, msasa. Wakati wa kupumua nikafungua simu nikamtazama Bill Monroe, yule Mmarekani wa Kentucky aliyepiga mandolini ya Gibson F-5 ya mwaka 1923. Kundi lake halikuwa na ngoma. Badala yake mandolini ilikata: anapiga nyuzi zote kwa pamoja kisha anazinyamazisha papo hapo kwa kulegeza vidole, cha! cha!, katikati ya mapigo ya besi. Nililijaribu hilo barazani mwezi uliopita. Mpiga dumbaki akaiweka dumbaki chini, akakunja mikono. "Endelea tu, kumbe mimi sina kazi." Ilibidi nimnunulie kahawa.

Saa 10 alasiri

Nimevisha uzi mpya. Unaukaza hadi E, unauvuta kwa vidole polepole kutoka ubaoni, unashuka, unaukaza tena. Nikarudia mara sita. Mteja wa kitanda alisimama mlangoni akinitazama, akasema, "Fundi, hicho nacho ni cha kuuza?" Nikamwambia hapana. "Sasa kinakuingizia nini?" Nikamwonyesha sampuli za mbao.

Saa 2 usiku

Baraza. Udi mmoja, fidla moja, dumbaki, tari, mimi, na mama mmoja mwenye sauti anayetufunika sote bila kipaza sauti. Birika la kahawa, kashata. Hatuchomeki kitu kwenye umeme. Wala si kwamba tunadharau. Mji huu ndio uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star, walioipigia taarabu magitaa ya umeme na besi hadi pwani nzima ikageuza shingo, na mimi nimekulia kwenye sauti hizo. Lakini kijana wa jirani akija na kinanda chake, mama anaanza kupiga kelele ili asikike, mzee wa udi anaacha kupiga zile noti zake ndogo ndogo, na mimi najikuta nakwangua nyuzi kwa nguvu kama nasugua sufuria. Kinanda kikiondoka, mwimbaji akishusha sauti, wote tunashuka naye. Hapo ndipo ninaposikia ukucha wa mzee ukigusa ubao wa udi.

Mzee ananiambia mandolini ni mjukuu wa udi aliyepotelea Ulaya, na hakosei sana. Udi ulivuka kwenda Ulaya ukazaa luti, ala ya nyuzi ya huko, na mandolini ni wa ukoo huo huo, Waitaliano wa Napoli wakamnenepesha mgongo. Yangu ina mgongo bapa. Ila mjukuu alirudi na freti, na freti zimemfunga. Udi hauna freti, kidole kinasimama popote, hata katikati ya noti mbili. Wakiingia maqam (mipangilio ya noti za Kiarabu) ya bayati au rast, yenye zile robo sauti, mimi sina pa kuweka kidole. Nausukuma uzi pembeni kidogo kuutafuta mlio, na kusukuma nyuzi mbili zipande sawasawa ni adhabu. Mara nyingi naziruka noti hizo, nasubiri. Tukiingia maqam ya hijazi au nahawandi, yasiyo na robo sauti, napumua.

Na leo kazi yangu kubwa ilikuwa mahali pamoja: mama anapovuta neno la mwisho la beti, mandolini imshikie. Sauti ya mandolini inakufa upesi, kwa hiyo risha inakwenda juu na chini haraka haraka juu ya jozi ya E hadi zile punje za sauti ziungane ziwe kamba. Beti ya kwanza, sawa. Ya pili, uzi mpya ukaanza kulegea. Ya tatu, nikakimbilia jozi ya A, nikapanda nayo hadi freti ya 7, ambako E ile ile inapatikana. Mwenye fidla akaniona, akatabasamu, akanifunika.

"Jozi yako ina ugomvi," mzee akasema tulipokuwa tunakunywa kahawa.

Saa 5 usiku

Nimezifuta nyuzi, zote nane. Nimeitundika. Kisha nikaugusa ule mpya kwa kidole, mara moja tu, nijue umeshuka kiasi gani.

"Umeshuka," mke wangu akasema gizani.