Wala Mwezi Wakati wa Usiku

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, poleni na majukumu ya wiki. Neno letu leo ni Zaburi 121:6, "Jua halitakupiga mchana, wala mwezi wakati wa usiku." Nimelala nalo na kuamka nalo tangu Jumapili, kuna mama alinishika mkono baada ya ibada akaniuliza, eti mtumishi, ni kweli mwezi ukijaa unapandisha watu magonjwa? Mtoto wake anaanguka kifafa.

Sisi tuliokulia mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, huku kanda ya ziwa mwezi tunaujua, tena mfukoni. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola, sasa mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linakuwa na mwanga na dagaa hawaisogelei taa tena, basi mitumbwi inavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu wanasubiri giza lirudi. Na ndugu zetu wa pwani watakwambia habari za bamvua, mwezi ukijaa maji yanajaa kweli na yakitoka yanatoka kweli. Kwa hiyo mwezi una kazi, sibishi, ila kazi ile imepangwa na Mungu. Soma Mwanzo 1:16 uone, hata jina lake halitajwi pale, unaitwa tu mwanga mdogo, na hii ni wakati kule Uru alikotoka Ibrahimu watu walikuwa na mungu wa mwezi na hekalu lake kabisa. Kumbukumbu 4:19 inakataza wazi kuusujudia.

Ngoja niwaambie kitu ambacho kimenikaa moyoni miaka mingi.

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na kifafa. Mtaani walisema amepigwa na mwezi, manake wengi walikuwa wanamuona anaanguka siku za mbalamwezi. Usiku mmoja tulikuwa tunacheza kombolela nje, mimi nina miaka 10 hivi, yeye akaenda kukaa karibu na mafiga ambapo bibi alikuwa anachemsha maji, ghafla akaanguka, mkono wa kushoto ukaingia kwenye makaa. Na watu walikuwepo! Watu wazima. Wakasema msimguse, mapovu yale yanaambukiza. Mimi nilikimbia wapendwa. Nilikimbia mpaka nyuma ya nyumba nikaziba masikio. Aliyemtoa ni bibi, alitoka ndani mbio akamvuta kwa miguu. Mapovu yale hayaambukizi, ni mate tu, lakini woga ule ulimuunguza kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa fungua Mathayo 17:15, yule baba anapiga magoti anasema, "mara nyingi huanguka motoni, na mara nyingi majini." Nilipokuja kuusoma huo mstari nikiwa mtu mzima nililia, moto na maji, ni mwaloni kwetu kabisa. Na hilo neno kifafa tunalosoma hapo, kwenye Kigiriki limetokana na neno mwezi, yaani hata wao walisema kama majirani zetu, kapigwa na mwezi. Ndugu atasema mbona Yesu alimkemea pepo, ni kweli, kwa yule mtoto alikemea na sipunguzi Neno. Ila rudi Mathayo 4:24, wanatajwa wenye pepo, halafu wenye kifafa, halafu wenye kupooza, kila kundi lake. Kwa hiyo usimrukie kila anayeanguka ukamwambia ana mapepo, na ukimwombea usimnyang'anye vidonge vyake, tafadhali sana. Nimeona mtu ameachishwa dawa kwa jina la imani na hali ikawa mbaya mno.

Kuhusu ile mbalamwezi, jibu alilipata mama mdogo kliniki baada ya miaka mingi. Dokta alimwambia kukosa usingizi kunaamsha kifafa. Basi tukaangaliana, manake usiku wa mbalamwezi ndio watoto walikuwa hawalali, wavuvi wako nyumbani, stori haziishi, tunacheza mpaka saa sita. Na akianguka siku hiyo kijiji kizima kiko nje kinamuona. Siku za giza anaanguka ndani, anayemuona ni mama yake peke yake, nani ahesabu?

Halafu kuna usiku mwingine wa mwezi ambao nauwaza sana. Pasaka ya Wayahudi huwa katikati ya mwezi wa kalenda yao, unaoanza mwezi ukiandama, siku ya 14, kwa hiyo usiku ule wa Gethsemane mwezi ulikuwa umejaa. Bwana yuko macho anatoka jasho, rafiki zake wamelala. Yohana 18:3 inasema walikuja na taa na mienge, na mwezi wote ule, kumtafuta mtu ambaye hakujificha. Na Mathayo 26:56, wanafunzi wote wakamwacha wakakimbia. Najiona pale, nyuma ya nyumba nimeziba masikio. Na yeye aliyekimbiwa ndiye aliyerudi akawaita wale wale "ndugu zangu."

Nilimwomba dada msamaha, nilichelewa ila nilimwomba. Alicheka, akasema hata hakumbuki nani alikuwepo, anakumbuka mikono ya bibi. Kovu lipo mpaka leo, limevuta ngozi kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole viwili, na mkono huo anaanikia dagaa vizuri tu.

Yule mama wa Jumapili nampeleka kliniki Alhamisi na mtoto wake, tukumbukeni kwenye maombi.

Juzi jioni nilipita kwa dada, tulikaa nje tunachambua dagaa, mwezi unawaka juu ya ziwa. Ilipofika saa mbili akameza kidonge chake na maji ya kwenye jagi, tukaongea kidogo, saa tatu akasimama akasema kaka mimi nalala, nisije nikakosa usingizi. Akafunga mlango.