Sasisho Halirudi Nyuma Kurekebisha Nakala

Kila toleo jipya la programu ya kusimamia kanzidata pepe linapotoka, huja na waraka mrefu wa maelezo, na wengi wanaoupokea huishia kwenye kurasa za mwanzo zinazotangaza mambo mapya. Mimi huanzia mwisho, penye jedwali la hitilafu zilizorekebishwa. Lugha ya jedwali hilo ni kavu, na kila hitilafu hupewa namba na sentensi moja au mbili tu, lakini ndiyo sehemu pekee ya waraka inayoeleza mambo ambayo huenda yamekuwa yakitokea ndani ya seva zetu kwa miezi mingi bila sisi kujua. Tatizo ni kwamba watu hulisoma kama orodha ya mambo yaliyokwisha. Katika programu za aina hii, hitilafu inaweza kuondolewa leo asubuhi na matokeo yake yakaendelea kutumika ofisini mwaka mzima.

Ili nieleweke, lazima kwanza nieleze kanzidata pepe hufanyaje kazi. Chukua kanzidata ya terabaiti 2, yenye timu tano zinazohitaji kila moja nakala yake ya kufanyia majaribio. Kwa njia ya zamani ungehitaji terabaiti 10 za diski, na mtu wa kukaa usiku kucha akirejesha bakapu. Programu ya kanzidata pepe huvuta nakala moja kamili kutoka kwenye mfumo halisi, huibana, kisha huendelea kuvuta mabadiliko tu pamoja na kumbukumbu za miamala, ili iweze kukupa kanzidata jinsi ilivyokuwa saa na dakika unayoitaka. Timu inapoomba nakala, hakuna kinachonakiliwa: injini, yaani seva inayoendesha programu hiyo, huipa njia ya kufikia vipande vilevile vya data, ambavyo huitwa bloku, na pale tu timu inapoandika kitu kipya ndipo bloku mpya huundwa kwa ajili yake peke yake. Kwenye Linux nakala hizo kwa kawaida hufikiwa kupitia NFS, na kwenye Windows kupitia iSCSI, ambazo ni njia za kufikia diski za mbali kwa mtandao, na kanzidata yenyewe huamini kwamba ina diski yake.

Wazo hili halikuanza jana. Mfumo wa mafaili wa ZFS, ulioanza kubuniwa mwaka 2001 katika kampuni ya Sun Microsystems na msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2005, ulikuwa na uwezo wa kupiga picha ya data, yaani kuihifadhi ilivyo kwa wakati huo, na kuzalisha nakala kutokana na picha hiyo bila kuhamisha chochote. Delphix, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2008 na kununuliwa na Perforce mwaka 2024, ilijenga bidhaa yake juu ya msingi huo, na Matt Ahrens, mmoja wa waliouanzisha ZFS, alifanya kazi hapo kwa miaka kadhaa. Ninaitaja historia hii kwa sababu hitilafu za injini ya namna hii hazitoki kwa muuzaji peke yake. Nyingine huzaliwa ndani ya mfumo wa mafaili ulio chini kabisa, na mradi wa OpenZFS, ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukiwakusanya waendelezaji wa mfumo huo, hujadili hitilafu zake hadharani, jambo ambalo wauzaji wengi hawalifanyi.

Hitilafu zenyewe, kwangu, ni za aina mbili. Zipo zenye kelele: kazi ya kuvuta mabadiliko inakwama, ukurasa wa usimamizi haufunguki, huduma inajizima na kujiwasha. Hizo huudhi, lakini sasisho likishawekwa zimekwisha, na sina la kuongeza juu yake. Zilizo hatari ni zile za kimya, ambazo kazi huisha kwa rangi ya kijani na neno la kufaulu ilhali kilichozalishwa si sahihi. Kwa hizo, sasisho huzuia makosa mapya tu. Aliyeziba paa la tembe baada ya mvua hajaukausha uwele uliokwisha lowa ndani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Novemba 2023. Mwezi mmoja kabla, OpenZFS ilikuwa imetoa toleo la 2.2.0 lenye uwezo mpya wa kushirikisha bloku kati ya mafaili mawili. Mtumiaji mmoja akaripoti kwamba baadhi ya mafaili aliyonakili yalikuwa na sehemu zilizojaa sifuri badala ya data. Lawama ikaangukia uwezo huo mpya, kama ilivyotarajiwa, na toleo la 2.2.1 likauzima. Tatizo likabaki. Baadaye ilionekana kwamba chanzo kilikuwa kingine kabisa, na cha zamani zaidi: kwa muda mfupi mno, faili lililokuwa limebadilishwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta lakini halijaandikwa kwenye diski lingeweza kutolewa jibu lisilo sahihi pale programu nyingine ilipouliza ni wapi penye data na ni wapi patupu. Amri ya kunakili mafaili, cp, katika matoleo mapya ya coreutils (kifurushi cha amri za msingi za Linux), kuanzia la 9.0, huuliza swali hilo hilo ili iruke sehemu tupu, na ndiyo maana kosa lililokuwa limelala kwa miaka likaanza kuonekana. Marekebisho yalitoka tarehe 30 Novemba 2023 katika matoleo ya 2.2.2 na 2.1.14.

Kinachonivutia katika kisa hicho ni kilichofuata kwa watu waliokwisha kunakili mafaili yao. ZFS huweka namba ya uhakiki kwa kila bloku, na msimamizi anaweza kuamuru diski zote zikaguliwe ili kuona kama kuna bloku isiyolingana na namba yake. Wengi waliendesha ukaguzi huo, na ukarudi na jibu kwamba hakuna kosa lolote. Jibu lilikuwa la kweli, kwa kuwa sifuri zile ziliandikwa kama data halali, zikapewa namba yake ya uhakiki, na zikahifadhiwa kwa uaminifu mkubwa. Mfumo uliulizwa kama umetunza ulichopewa, ukajibu ndiyo. Njia ya uhakika ya kujua ilikuwa kulinganisha nakala na faili la asili, kama bado lilikuwepo.

Kisa kingine ni cha mwaka 2016, hakina umaarufu huo, lakini kwa wenye injini mbili zinazopelekeana data ni cha karibu zaidi. ZFS ilikuwa na uwezo wa kuandika ni lini sehemu tupu ya faili ilizaliwa, ili wakati wa kutuma mabadiliko kwenda seva nyingine isitume yasiyo ya lazima. Uandishi huo ulikuwa na makosa, kwa hiyo seva iliyopokea ingeweza kutofautiana na iliyotuma bila upande wowote kuonyesha hitilafu. Kuurekebisha uandishi peke yake hakukutosha, kwa kuwa tarehe mbaya zilikwisha andikwa kwenye diski za watu. Waendelezaji wakaamua, kuanzia toleo la 0.6.5.8 kwenye Linux, kwamba mfumo uzipuuze tarehe hizo wakati wa kutuma, hata kama utatuma data nyingi kuliko inavyohitajika. Ninauheshimu uamuzi huo kuliko marekebisho mengi ninayoyasoma, kwa sababu walijiuliza swali la data iliyokwisha kuwepo badala ya kuishia kwenye msimbo.

Huku kwetu swali hilo lilijitokeza kupitia mlango mwingine, wa kufunika taarifa binafsi, yaani kuweka za kubuni mahali pa zile halisi. Nasimamia kanzidata katika taasisi moja hapa Dodoma, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, hakuna nakala ya majaribio inayopaswa kutoka kwangu ikiwa na majina halisi, namba za simu au namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za watu. Programu tunayoitumia, ambayo sitaitaja, hufunika taarifa hizo kabla nakala haijagawiwa. Katika moja ya masasisho yake, jedwali la hitilafu lilikuwa na sentensi iliyosema kwamba katika mazingira nadra kazi ya kufunika ingeweza kuripoti imekamilika huku baadhi ya mistari ya data ikiwa haijaguswa. Sentensi moja tu, katikati ya nyingine nyingi kuhusu vitufe na ripoti.

Neno "nadra" katika nyaraka hizi limenichosha. Ni nadra kwa kipimo cha nani? Hali inayotokea kwa mteja mmoja kati ya elfu inaweza kuwa ya kila usiku kwa mteja huyo mmoja, ikiwa jedwali lake la data lina umbo linaloichokoza hitilafu. Kwa hiyo niliwaandikia wahusika wa msaada maswali ambayo sasa ninayauliza kwa kila hitilafu ya kimya: ilianza katika toleo gani, nitaitambuaje nakala iliyoathirika, na je, sasisho linagusa kilichokwisha kuzalishwa? Jibu la swali la tatu lilikuwa hapana, na hilo halikunishangaza. Jibu la swali la kwanza ndilo lililotupa kazi, kwani toleo walilolitaja tulikuwa tumelitumia kwa muda mrefu.

Hapo ndipo ushirikishaji wa bloku, unaosifiwa kwa kuokoa diski, hugeuka kuwa mzigo. Nakala iliyofunikwa haigawiwi mara moja tu, huwa mzazi. Timu ya mishahara huzaa nakala kutoka kwake, mjaribu wa timu hiyo huzaa nyingine kutoka kwa ile, na kila moja hurithi mistari ileile ambayo haikufunikwa. Tukalazimika kuchora ukoo mzima, kutoka picha ya kwanza hadi kitukuu, ndipo tujue nani ameguswa. Kijana mmoja wa timu ya mishahara aliponiona nikiorodhesha nakala zake aliniuliza, "Kaka, si ulisema hiyo imeshatengenezwa?" Nikamjibu, "Imetengenezwa, mdogo wangu, ila nakala yako ni ya kabla."

Jambo ambalo wengi hawalitazamii ni kitufe cha kurudisha nyuma. Watengeneza programu huipenda kanzidata pepe kwa sababu wanaweza kuharibu kila kitu wakati wa majaribio, kisha wakairudisha ilivyokuwa wiki iliyopita kwa dakika chache. Ukishaifunika nakala upya kwa toleo lililorekebishwa, mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kubonyeza kitufe hicho akarudi kwenye picha ya kabla ya sasisho, na data uliyoiondoa ikarejea kamili. Kwa hiyo kuzalisha upya hakutoshi. Picha za zamani lazima zifutwe. Na hapo upinzani huanza, kwa kuwa ndani ya picha hizo watu wamehifadhi hali maalumu za majaribio walizozitengeneza kwa jasho. Nawaelewa, lakini kwa taarifa binafsi sikubali mjadala. Wala usitarajie nafasi ya diski irudi mara moja baada ya kufuta, kwani bloku haiachiliwi mpaka mrithi wa mwisho anayeitegemea aondoke, na mara nyingi mrithi huyo ni nakala iliyosahauliwa ya mtu aliyekwisha hamishwa kituo.

Kuhusu ratiba nitasema kwa ufupi. Kuisasisha injini kwa kawaida humaanisha kuiwasha upya, na kwa kuwa nakala zote zinaishi juu yake, zote husimama kwa pamoja. Oracle, muuzaji wa kanzidata, hutoa viraka vyake vya usalama Januari, Aprili, Julai na Oktoba, kila Jumanne ya tatu ya mwezi, na si lazima programu ya kanzidata pepe iwe tayari kukitambua kiraka hicho siku hiyo hiyo, kwa hiyo jedwali la matoleo yanayokubaliana husomwa kabla ya yote. Juni hatugusi chochote. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 mwezi huo, Bunge la Bajeti linaendelea mjini, na ripoti huombwa asubuhi zikatakiwa mchana. Hitilafu ya kimya inapotangazwa katika kipindi hicho, tunachofanya ni kuzuia uzalishaji wa nakala mpya na kuzifungia zile zilizopo, kisha sasisho linasubiri Julai.

Mabadiliko makubwa tuliyoyafanya ni madogo kwa macho. Daftari letu la nakala, ambalo zamani lilionyesha jina, mwenye nakala na tarehe, sasa lina safuwima ya toleo la injini lililoizaa nakala hiyo, na nyingine ya mzazi wake. Jedwali la hitilafu linapowasili, ninachuja daftari kwa toleo, na ukoo ulioathirika hujitokeza bila kumuuliza mtu. Ningependa wauzaji wenyewe waiweke taarifa hiyo ndani ya injini na kuandika kando ya kila hitilafu kama inahitaji nakala zizalishwe upya. Nimewaomba jambo hilo rasmi, na ombi limepewa namba. Kwa sasa zimebaki nakala mbili za timu ya mishahara ambazo bado zimefungiwa, na zitafutwa timu hiyo itakapomaliza kufunga hesabu za mwaka.