Muko bangapi mule ndani?

Juzi, ndani ya lifti mpya pale mjini, binti yangu aliniuliza mbele za watu: "Papa, kamba ikikatika?" Nikamsimulia habari za Elisha Otis, aliyesimama juu ya jukwaa huko New York mwaka 1854 akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashuka kidogo tu, breki ikalinasa. Binti hakuridhika. Mimi mwenyewe sijawahi kuogopa kamba. Naogopa kourant, yaani umeme, kukatika.

Hofu hiyo ilianza nikiwa mtoto. Lilikuwa jengo la enzi za Wabelgiji, hapa hapa Lubumbashi. Mlango wa mbao kwa nje, geti la chuma la kukunja kwa ndani, usipolivuta mpaka likalia "ka!", lifti haiendi popote. Kibao kiliandikwa watu 4, kilo 300. Tulikuwa mimi na Tantine, shangazi yangu, tukienda kwa daktari wa meno.

Tulipopita ghorofa ya kwanza, giza. Mbele ya geti kulikuwa na ukuta mtupu, matofali yenye michirizi ya grisi, na juu kabisa ufa mwembamba wa mwanga chini ya mlango wa ghorofa ya pili. Nikapenyeza kidole kugusa tofali. Tantine akanipiga kofi la mkono, akaanza kusali kwa sauti ya chini.

Kisha sauti ya mlinzi kutoka juu kabisa: "Muko bangapi mule ndani?"

"Tuko babili, papa!"

"Banene?"

Tantine ni mama mwenye mwili wake. Alinyamaza kidogo, halafu: "Bepesi!"

Swali halikuwa la utani. Upande wa pili wa kamba huning'inia chuma kizito, kizito kuliko lifti yenye watu wachache. Mmoja akiachia breki kwa mkono na mwingine akizungusha gurudumu la mota, wepesi hupanda kirahisi, wazito hushuka. Na breki yenyewe hubanwa na springi. Umeme kazi yake ni kuifungua. Kwa hiyo kilichotuning'iniza gizani ndicho kilichokuwa kinatulinda. Sijui mtoto wa miaka saba unamwelezaje hilo.

Tukapanda, shubiri kwa shubiri, mpaka ya pili. Mlinzi akashuka na mikono myeusi kwa grisi: "Kweli mama, muko bepesi."

Tantine aliisimulia sentensi hiyo kwenye kila harusi. Breki hakuitaja hata mara moja.