Uliza ndoo, usiulize paa

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: "Tazama mlango, mlango utakwambia kila kitu." Aliyenipa ni bwana mmoja mwenye kofia pana na kamera ya maana. Tulikuwa tunapima majengo ya mtaa mmoja pale Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, kila nyumba ipate alama mbili: ya thamani yake na ya hali yake. Na alama hizo msizichanganye, jamani. Jumba la Beit el Ajaib la Sultani Barghash, la mwaka 1883, kwa thamani nani wa kushindana nayo? Lakini tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka, wakafa watu 2.

Kweli, kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa Kiarabu wa zamani, na kilichopinda kama upinde kimekuja baadaye na mkono wa Kihindi. Ila milango ya huku inauzwa, inahamishwa, na mipya inachongwa kila leo. Nimeona njumu za shaba zinang'aa mpaka unajiona uso, na nyuma ya mlango huohuo ngazi unaipanda kwa bismillahi.

Ushauri wa pili ndio ulionimaliza. Tugawe fomu, wenyeji wajaze wenyewe, kazi iishe upesi. Kabla fomu hazijarudi, uvumi ukawa umeshazunguka kwamba nyumba mbovu zitakarabatiwa bure. Basi kichochoro kizima kikaandika nyumba zinaanguka, hata ile iliyopakwa chokaa juzi kwa ajili ya harusi. Kichochoro cha pili wao walisikia kuwa wa nyumba mbovu watahamishwa. Huko kila kitu kizuri, alhamdulillahi. Nyumba moja iliyoandikwa "nzuri sana" ina mti umeota ukutani ghorofa ya juu, na mizizi imeshatokeza chumbani. Mzee mmoja, penye umri wa jengo, akaandika: "Miaka 500. Alikaa Sultani." Sultani gani huyo, wakati nyumba nyingi za mawe tunazoziona leo ni za karne ya 19? Fomu zile sikuzitupa, nilimpa muuza karanga.

Nikaamua kuingia ndani mwenyewe, baada ya Alasiri, pamoja na mwenzangu wa kike. Asubuhi utawakuta akina mama peke yao, na hodi yako itaishia barazani.

Mwanzoni nilikuwa nauliza, "Paa linavuja?" Nani atakubali mbele ya mgeni mwenye karatasi? Siku moja nikageuza swali: "Shikamoo bi mkubwa. Hivi masika ndoo mnaweka wapi?" Akacheka, akapandisha buibui kidogo, akanitangulia ngazini. "Hapa ndoo. Pale sufuria la pilau. Na kule beseni, mwanangu, mwaka huu lilijaa kabla ya alfajiri." Tangu hapo sikuuliza tena habari za paa. Unasimama palipowekwa ndoo, unainua tochi, unatazama boriti ya juu yake, ule mti wa mkoko unaobeba dari. Sio katikati! Tazama kichwa chake, pale kinapoingia kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, maana maji hutuama humo na ndipo mkoko unapoanza kuoza. Mimi nilitembea na msumari wa inchi nne mfukoni. Ukizama kama kwenye mkate wa mofa, andika "mbovu" na ushuke polepole.

Kuta ni za kugonga. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huuziba, chumvi ikabaki ndani inakula chokaa iliyoshika mawe. Plasta iliyoachana na ukuta hulia kama ina uwazi nyuma yake. Watoto walinifuata wakigonga kila kitu, na masikio yao ni mazuri kuliko yangu. Kwao gharama yangu kubwa ilikuwa soda. Ukijumlisha na tochi na betri, labda elfu thelathini na ushei. Ngazi niliazima.

Ile nyumba ambayo bwana wa kofia aliipiga picha mpaka akachoka, mimi niliipa thamani ya juu na hali "mbovu". Mwenye nyumba alikasirika: mlango wake ndio fahari ya mtaa, vipi awe mbovu? Nikamwonyesha vumbi la boriti kwenye msumari, hakutaka hata kulitazama. Baadaye fundi alipobandua plasta chumba cha juu, boriti mbili zilikuwa zimening'inia kwa mazoea tu. Ameshazibadilisha, na chokaa amerudisha. Ila mpaka leo nikipita barazani kwake anawaambia wenzake kwa sauti, ili nisikie, "Huyo, Bwana Mbovu anapita."